Ua la Senyenge Lililosajiliwa London

Shika njia yoyote ya mashambani Usambara baada ya mvua za vuli, utaliona limejisokota kwenye senyenge au limekwea juu ya mihogo: ua la rangi ya chungwa, petali tano, na koo jeusi kama lililochomwa kwa ncha ya kaa la moto. Mkulima hulifyeka pamoja na magugu mengine. Ulaya watu hununua mbegu zake kwa pakiti.

Kitaalamu ni Thunbergia alata, na historia yake kwenye vitabu inaanzia Pwani. Mwaka 1824 Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wamejiweka chini ya bendera ya Uingereza ili Seyyid Said wa Omani asiwanyang'anye mji. Mwaka huohuo alipita Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Bohemia aliyekuwa na makazi yake Mauritius, akikusanya mimea Mombasa, Unguja na Pemba. Ni Bojer huyohuyo aliyeupa jina la kitaalamu mkrismasi wenye maua mekundu, baada ya kuuona Madagaska.

Mwaka 1825 John Sims, mhariri wa jarida la Curtis's Botanical Magazine la London, akachapisha maelezo na picha ya ua letu kwa jina alilolichagua Bojer. Sehemu ya kwanza ya jina hilo, Thunbergia, ilikuwa imetungwa mwaka 1780 kumuenzi Carl Peter Thunberg, Mswidi aliyesomeshwa na mtaalamu wa mimea Linnaeus na kukusanya mimea Rasi ya Tumaini Jema na Japani. Pwani yetu hakuikanyaga. Jina lake limefika huku bila yeye.

Kulitambua ua hili, usidanganywe na jicho jeusi peke yake. Geuza ua. Chini utakuta vijani viwili vipana vilivyofumbatana. Ukivifunua, sepali karibu hazipo, ni duara la vijino vidogo tu. Kikonyo cha jani nacho kina mabawa membamba pande zote mbili. Nduguye wa nyanda za juu, Thunbergia gregorii, ana rangi ileile ya chungwa lakini koo lake si jeusi. Huyo alipewa jina mwaka 1894, la J. W. Gregory, mwanajiolojia wa Bonde la Ufa.

Tunda ndilo lililowasumbua wataalamu. Ni kitufe chenye mdomo mrefu, na ndani yake hakuna zile ndoana zinazorusha mbegu katika mimea mingi ya familia ya Acanthaceae. Wapo waliolitenga ua hili na jamaa zake katika familia yao wenyewe. Kisha mwaka 2002 uchunguzi wa DNA ukaleta jambo ambalo mvuvi yeyote angelicheka: jamaa yake wa karibu huenda ni mchu, ule mti wa mikokoni unaosimama topeni na kuchomoza mizizi ya kupumulia! Tangu hapo mchu umehesabiwa ndani ya Acanthaceae. Orodha kamili ya familia hiyo kwa Afrika Mashariki, kazi ya Kaj Vollesen, ilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 2008 na 2010. Karibu karne mbili baada ya Bojer.

Kulipanda ni kazi nyepesi. Loweka mbegu usiku kucha, zifukie kwenye udongo usiotuamisha maji, mahali penye jua, kisha tega kamba au fito za kukwelea. Ulaya baridi kali huliua, ndiyo maana wanasia upya kila mwaka. Huku huishi miaka, na mtu asiyelipunguza litamfunikia michungwa. Australia na Hawaii limetoroka bustanini na kuwa gugu.

Wa Pwani hana haja ya pakiti: tunda likikauka hupasuka lenyewe, basi alichume mapema kabla mbegu hazijadondoka.