Dhamana ya Tahadhari

Katika nyanda za kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hata Bahi na Manyoni, neno dhamana halihitaji mkalimani, kwani mkulima wa mtama na mfugaji wa ng'ombe wajua sawasawa kwamba ni ahadi, ya mtuhumiwa mwenyewe au ya mdhamini wake, kuwa aliyeachiliwa atahudhuria mahakamani siku atakayoitwa. Lakini iko dhamana moja ambayo haijapata jina lililotulia katika lugha yetu, nayo ni ile aombayo mtu angali huru, kwa kuchelea kwamba kesho atatiwa mbaroni. Na maadamu marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, haifai jina hilo liachwe likielea.

Dhamana hiyo imestawi zaidi India, ambako kifungu cha 438 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya 1973 kiliwezesha Mahakama Kuu kuamuru kwamba muombaji, iwapo atakamatwa, aachiliwe kwa dhamana. Nayo sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, imeihifadhi katika kifungu cha 482. Kenya nako Mahakama Kuu huitoa kwa kutegemea haki zilizomo katika Katiba ya 2010, hususan pale muombaji anapoonyesha kwamba polisi wamtaka kwa hila wala si kwa haki. Ajabu ni kwamba jina walilolizoea mawakili wa India, anticipatory bail, halimo katika maneno ya kifungu chenyewe; kifungu chamtaja tu mtu aliye na sababu ya kuamini kwamba huenda akakamatwa.

Hapo ndipo wafasiri wetu wanapojikwaa. Wako wasemao “dhamana tarajiwa”, na kosa lao ni la namna mbili: kwanza, kinachongojewa si dhamana bali ni kukamatwa; pili, kutarajia kwatokana na raja, yaani tumaini, na hakuna mwenye akili timamu atarajiaye pingu. Wengine husema “dhamana ya kutokamatwa”, wakaahidi zaidi ya kilichotolewa, ilhali amri hiyo kwa asili yake haimzuii askari kukamata, bali humlazimu kumwachilia aliyemkamata. Kwa hiyo naona bora tuseme “dhamana ya tahadhari”, kwa kuwa tahadhari ni kujikinga na shari kabla haijafika, na neno hilo lamwelekea muombaji na hofu yake.

Manufaa ya kulipata jina sawasawa huonekana pale shahidi anapobadili kauli. Tuchukulie kwamba mtu wa Mvumi ametajwa kuwa mwizi wa ng'ombe, na kabla hajakamatwa, yule aliyemtaja akaenda kwa wazee akasema kwamba usiku ule ulikuwa wa giza na yamkini alimfananisha. Majirani watadhani shauri limekwisha. Kumbe jinai si deni la mtu na mwenzake wawezalo kusameheana, bali ni mashtaka ya Jamhuri, na mwenye mamlaka ya kuyaondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka; kwa hiyo mtu huyo bado aweza kukamatwa.

Tena kauli ya kubadili nayo ina majina yake. Katika shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipambanua ungamo ambalo mshtakiwa akiri kwamba alilitoa lakini sasa alirudisha, kwa kudai labda alishurutishwa, na lile ambalo asema hakulitoa kamwe. La kwanza nitaliita kurejea, la pili kukana. Na ijapokuwa mahakama ilisema juu ya maungamo, mpaka huo wamfaa pia yule shahidi wa Mvumi, ambaye hakukana kwamba alisema, bali amerejea.

Katika nchi zilizo na dhamana ya tahadhari, jaji aombwaye dhamana hiyo kwa hoja ya kurejea huko hana budi kuuliza kilichomrejesha shahidi, kama ni dhamiri, au ni vitisho, au ni hongo. Neno hili la mwisho lina historia yake papa hapa Ugogo, ambako katika karne ya 19 lilikuwa jina la ushuru ambao misafara ya Unyamwezi iliwalipa watemi ili ipite na kupata maji. Leo lamaanisha rushwa.

Ama Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 haina kifungu cha dhamana hiyo: dhamana huanza kunenwa baada ya kukamatwa, kituoni kwanza, kisha mahakamani, na kwa makosa kama uhaini na mauaji hainenwi kabisa, sharti ambalo Mahakama ya Rufani ililiacha lisimame mwaka 2020 katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Dickson Paulo Sanga. Basi mtu wetu wa Mvumi akienda Dodoma mjini kuomba dhamana ya tahadhari, ataambiwa haipo, na lililobaki ni kuiomba ile ya kawaida atakapokamatwa, na kumhimiza shahidi wake aipeleke kauli yake ya pili polisi na kwa waendesha mashtaka, itakakopimwa kando ya ile ya kwanza. Akiiomba kwa jina hilo, angalau atajua kwamba alichokikosa ni kinga dhidi ya hofu yake, wala si hukumu juu ya hatia yake.