Boma la Kasanga na Tanuru la Mjomba

Sumbawanga asubuhi bila koti utajuta. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na pale stendi kila mtu ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Wenyewe wanakwambia jina la mji maana yake ni "tupa uchawi". Mimi nilikuja kumsalimia mjomba, mdogo wake mama, ila kwanza nikataka kwenda kuona boma la Wajerumani. Kumbe hata sisi waandishi, ukitutajia historia, macho yanakimbilia ukuta wa mawe.

Barabara ya kwenda bandari ya Kasanga inapita Matai, kilomita 112. Inakata uwanda wa Ufipa kisha inaporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika. Kufika nusu ya mteremko koti nilishalivua.

Kasanga ndiyo Wajerumani waliyoiita Bismarckburg, kwa heshima ya kansela ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Kutoka bandarini nilitembea polepole, nikapita dagaa walioanikwa, nikapanda hadi kwenye magofu. Yamebaki mawe, majani na mijusi. Ukisimama pale unaelewa kwa nini walipachagua: chombo chochote ziwani unakiona kabla hakijakuona.

Juni 1916, kamanda wa Kiingereza Spicer-Simson alifika na boti zake mbele ya boma hili. Alipoliona akasita, akarudi nyuma hadi Kituta. Wajerumani wakatumia nafasi hiyo kutoroka kwa majahazi, na tarehe 8 jeshi la Luteni Kanali Murray lilipoingia kutoka nchi kavu, ndege walisharuka. Baadaye Spicer-Simson akaambiwa kwamba mizinga iliyomtisha ilikuwa ya mbao. Nilicheka peke yangu pale juu.

Ni kisa kitamu, na kimeandikwa sana. Vita vya ziwa hili ndivyo vinavyotajwa kuwa chimbuko la *The African Queen*, riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyotengenezewa filamu mwaka 1951. Giles Foden naye akakitolea kitabu kizima mwaka 2004. Boma moja, mizinga ya uongo, na bado linapata vitabu.

Kesho yake nilirudi uwandani kwa mjomba. Katikati ya shamba lake la mahindi kuna kitu kirefu kuliko mimi, cha udongo, kimemeguka upande mmoja. Utotoni nilidhani ni kichuguu. Ni *ilungu*, tanuru la kuyeyushia chuma. Wafipa waliyajenga mengi, mengine yakifikia mita tatu kwenda juu, na ujanja wake uko chini: matundu yaliyowekewa mirija ya udongo, hewa inajivuta yenyewe, hakuna mtu wa kuvukuta. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na uchafu, kikasafishwa kwenye tanuru dogo, huko sasa mivukuto ikatumika. Ndipo mhunzi akapata jembe au mkuki. Tanuru jipya lilipambwa kama bibi harusi, na mafundi wakati wa kazi hawakulala na wake zao. Kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20, majembe ya madukani yakaimaliza.

Haya nayo yameandikwa, tena na Mtanzania. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, alichimba na kupima mabaki ya ufuaji chuma huku kusini magharibi, akaandika tasnifu yake ya mwaka 1995. Roy Willis naye mwaka 1981 alitoa *A State in the Making*, kuhusu dola ya Ufipa na simulizi za Milansi, kijiji cha kwanza cha wafalme, ambako wanawake wageni wa ukoo wa Twa walifika na kuutwaa ufalme. Shida ni kwamba vitabu hivyo unavikuta maktaba ya chuo. Cha mizinga ya mbao unakikuta uwanja wa ndege.

"Mjomba," nikamwambia, "hili usilibomoe."

"Mpwa wangu, ng'ombe wakifika hapa plau lazima nigeuze. Kila msimu. Mistari minne ya mahindi inapotea."

Nikamweleza habari za mirija na hewa. Akasikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akasema hayo alishayasikia kwa babu yake, na babu aliyaeleza vizuri zaidi.

"Sasa mbona unataka kulibomoa?"

"Babu alikuwa na jembe lililotoka humu. Mimi nanunua Sumbawanga." Akapiga ukuta wa tanuru kwa kiganja, kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni. "Huko Kasanga ulilipa nauli ukaangalie mawe. Hapa nani amewahi kuja?"

Nilihesabu mistari minne, nikapiga hesabu ya debe. Nikamwambia msimu huu nitalipa mimi. Akacheka, akauliza na msimu ujao je.