Haki Iliyowasahau Watu

Leo nawapeleka kwenye kisiwa kimoja tu cha Bahari ya Karibi, kile ambacho Wahispania walikiita Hispaniola. Mwenye kutaka kujua jinsi dola, dini na haki zilivyovutana katika historia ya dunia, kisiwa hicho chamtosha.

Christopher Columbus alifika huko mwaka 1492. Walowezi waliomfuata waligawiana wenyeji, Wataino, wawachimbie dhahabu na kuwalimia mashamba. Malipo yao, ati, yalikuwa ni kufundishwa dini. Walikufa kwa maelfu kwa kazi, njaa na maradhi.

Desemba 1511, mtawa Mdominiko, Antonio de Montesinos, alipanda mimbarini mjini Santo Domingo. Aliwauliza wakubwa waliokaa mbele yake kama hao wanaowatesa si binadamu wenye roho kama wao. Wakubwa walighadhibika, wakamtaka ayafute maneno yake. Jumapili iliyofuata alipanda tena, akayarudia. Basi tuseme kweli: dini iliyotumika kuhalalisha dhuluma ndiyo hiyo hiyo iliyompa mtu huyu ujasiri wa kuikemea.

Padri mwingine, Bartolomé de las Casas, naye alikuwa na Wataino wake wa kumtumikia. Mwaka 1514 aliwaachia, akawa mtetezi wa wenyeji hadi alipofariki mwaka 1566. Lakini sikilizeni. Mwaka 1516, ili kuwapunguzia wenyeji mzigo, alipendekeza kwamba waletwe watumwa kutoka nje, wakiwamo Waafrika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Baadaye alijuta, akaandika majuto yake. Lakini majahazi ya watumwa hayakungoja majuto ya padri.

Mwaka 1697 upande wa magharibi wa kisiwa uliangukia mikononi mwa Ufaransa. Sheria ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1685 iliamuru watumwa wote wabatizwe. Sheria hiyo hiyo ikawahesabu kuwa mali ya kurithiwa na kugawanywa. Roho ya mbinguni, mwili wa sokoni.

Agosti 1789, huko Versailles, wanamapinduzi walitangaza kwamba watu huzaliwa huru na huwa sawa katika haki. Wakati huo, watumwa karibu nusu milioni walikuwa wakilima miwa na kahawa katika koloni hilo. Hakuna aliyewauliza. Agosti 1791 walijiuliza wenyewe, wakayachoma mashamba. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, baada ya moto huo kuwaka. Jeshi la Napoleon lilipofika mwaka 1802 kulitiisha koloni, na habari zikafika kwamba utumwa unarudishwa kwingineko, watu walipigana hadi jeshi hilo likashindwa. Tarehe 1 Januari 1804 ikazaliwa nchi huru ya Haiti.

Je, dunia iliwapongeza? La hasha! Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka manowari, ikataka faranga milioni 150 iwe fidia kwa waliopoteza mashamba na watumwa. Yaani aliyetumikishwa amlipe aliyemtumikisha. Deni hilo lilipunguzwa mwaka 1838, lakini lilikwisha kuwabana Wahaiti shingoni.

Mimi nimejifunza jambo moja. Hati ya haki ikisomwa mbele yangu, sitazami kwanza maneno yake. Natazama nani hakuingizwa ndani yake. Waandishi wake wengi hawakuwa watu wabaya. Las Casas alikuwa mwema kuliko wenzake wengi, na bado hakuwaona.

Nilipokuwa nikiyaandika haya, saa nne za usiku, nilisikia vyombo vikigongana jikoni. Alikuwa msichana wetu wa kazi, ambaye huamka saa kumi na moja alfajiri. Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimekwisha kuwalaumu wafalme wawili na mapadri, na yeye nilikuwa sijamwambia akalale.