Jiwe na Nuru: Funzo la Modhera na Hampi

Tunapoadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, liko swali linalorudi tena na tena miongoni mwetu waumini: je, taa na sauti za mitambo ya kisasa zina nafasi katika nyumba ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya ibada? Kabla ya kulijibu, na tuitazame historia.

Huko Modhera, katika jimbo la Gujarat walikotoka wengi wa wazee wetu, limesimama hekalu la Surya, mungu wa jua. Lilijengwa kwa mawe ya mchanga yapata mwaka 1026, zama za Mfalme Bhima wa Kwanza wa ukoo wa Solanki. Mafundi walilielekeza mashariki kwa kipimo, hata zikifika siku ambazo mchana na usiku hulingana, miale ya macheo ipenye katikati ya nguzo hadi chumba kitakatifu cha ndani. Nuru haikuwa pambo la kuongezwa baadaye. Ilihesabiwa tangu jiwe la kwanza.

Mbali kusini, mjini Hampi, hekalu la Vittala lililopanuliwa katika karne ya 16 lina nguzo za graniti zilizochongwa kuwa vijiguzo vyembamba, ambavyo vikigongwa hutoa sauti kama za ala za muziki. Pale jengo humjibu anayeligusa. Lakini jiwe nalo huchoka, na leo wageni wamekatazwa kuzigonga nguzo hizo zisije zikaharibika.

Mnamo Oktoba 2022, Modhera ilipata onyesho la mwanga na sauti. Usiku uingiapo, picha za rangi hurushwa juu ya kuta za kale zikisimulia historia yake, kwa umeme uliovunwa kutokana na jua. Jua lile lile lililokaribishwa na mafundi alfajiri, sasa hurudi usiku kwa njia nyingine, wala jiwe haliguswi.

Hata hivyo, Modhera hakuna tena ibada. Mitambo husimulia pale ambapo kengele zimenyamaza. Hekalu letu si gofu. Kila aingiaye huigonga kengele kwa mkono wake, na jengo humwitikia; kila jioni mwali wa arati huzipa uhai sura zilizochongwa. Mwanga na sauti tunavyo tayari.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mitambo ni mgeni, jiwe ni mwenyeji. Taa iwezayo kuondolewa kesho bila kuacha tundu ukutani, na ikamwonyesha mtoto wetu nakshi ambazo hajapata kuziona, tunaikaribisha. Ile inayodai ukuta utobolewe, au inayoishinda kengele kwa kelele, tuikatae kwa heshima. Na arati ianzapo, mitambo yote na izimwe.