Mradi wa kijiji: kupanga yote mwanzoni au kwenda mkipima?

Mradi ukija kijijini, uwe wa maji, josho au ufugaji nyuki, kuna njia mbili kubwa za kuusimamia.

Njia ya zamani
Kila kitu kinapangwa mwanzoni: michoro, bajeti, siku ya kuanza na ya kukabidhi. Hatua moja ikiisha ndipo inafuata nyingine. Matokeo yanaonekana mwishoni.

Njia ya ajaili
Jina hili lilitolewa mwaka 2001 na watengenezaji 17 wa programu za kompyuta waliokutana Utah, Marekani. Kazi inagawanywa vipande vidogo. Kila kipande kikikamilika, watumiaji wanakijaribu na kueleza kasoro, kisha mpango unarekebishwa.

Kwa mfugaji wa Kakesio hili si geni. Kabla ya kuhamisha mifugo, vijana hutangulia kuangalia malisho na maji. Wakirudi na habari mbaya, safari inabadilishwa mapema.

Funzo la Kongwa
Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Dodoma. Walilenga ekari zaidi ya milioni 3 kabla ya kujaribu shamba dogo kwa misimu kadhaa. Mvua ilikuwa haba, udongo ukakauka kama saruji, mashine zikaharibika. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36.

Ipi inafaa?
Lambo au tangi la zege halibomolewi kila mwezi. Hapo pimeni, choreni, ndipo mjenge. Lakini mbegu mpya, mizinga, au ratiba na bei ya maji, anzeni kidogo, mjaribu na kurekebisha. Mara nyingi njia zote mbili zinahitajika: bomba linafuata mchoro, ila akina mama wanaobeba ndoo waulizwe mahali pa vituo vya kuchotea kabla mtaro haujachimbwa.

Ajaili si kufanya kazi bila mpango wala hesabu. Kwa kawaida mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi 3. Tumia nafasi hiyo kuuliza:

1. Nini kimekamilika na kinatumika?
2. Fedha kiasi gani zimetumika?
3. Tumejifunza nini, na tunabadilisha nini?

Ukijibiwa "subirini mradi uishe", kumbuka Kongwa.