Vichwa vya Habari Vilivyoitangulia Habari: Magazeti ya Miaka ya Baada ya Vita

Kichwa cha habari, yaani mstari wa maandishi makubwa unaompa msomaji kiini cha taarifa kabla hajaisoma, huandikwa mwishoni, wakati mitambo ya kuchapa inasubiri na mhariri hana nafasi ya kubadili nia, na ndiyo maana makosa ya gazeti yanayokumbukwa zaidi ni yale yaliyochapwa kwa herufi kubwa. Katika miaka 12 iliyofuata Vita Vikuu vya Pili, ushindani wa magazeti ulipokuwa mkali na redio ikiwa tayari inawatangulia waandishi kwa saa kadhaa, vilitokea vichwa ambavyo hadi leo huchekesha, na vitatu kati ya hivyo vinaonyesha vizuri jinsi gazeti linavyoweza kutoa hukumu kabla ya wakati wake.

Cha kwanza kilitoka tarehe 8 Julai 1947 katika gazeti la Roswell Daily Record la jimbo la New Mexico, likitangaza kwamba jeshi la anga limekamata sahani irukayo katika shamba la mifugo. Majuma mawili kabla, rubani Kenneth Arnold alikuwa ameeleza kuwa aliona vitu tisa angani karibu na mlima Rainier, vikienda kwa mrukoruko kama sahani iliyorushwa juu ya maji, na magazeti yakageuza maelezo hayo ya mwendo kuwa maelezo ya umbo. Gazeti la Roswell halikuzua habari yake, kwa kuwa taarifa ilitolewa na kambi ya jeshi yenyewe. Hata hivyo, siku iliyofuata gazeti hilohilo lilitangaza kwamba Jenerali Ramey wa jeshi hilo ameimaliza hadithi ya sahani, kwani mabaki yalielezwa kuwa ya puto la kupimia hali ya hewa. Mwaka 1994 jeshi la anga lilieleza kuwa mabaki hayo yalitokana na mradi wa siri ulioitwa Mogul, ambao ulitumia maputo kutega sauti za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti.

Kichwa cha pili, ambacho ndicho mashuhuri kuliko vyote, kilichapwa na Chicago Daily Tribune tarehe 3 Novemba 1948, kikisema kwamba Dewey amemshinda Truman, ilhali Rais Harry Truman alipata kura 303 za wajumbe wa uchaguzi, yaani wateule wa majimbo wanaomchagua rais kwa niaba ya wananchi, na Gavana Thomas Dewey akapata 189. Ni rahisi kudhani kwamba kosa hili lilitokana na chuki tu, kwa kuwa mmiliki wa gazeti, Kanali Robert McCormick, alimpinga Truman waziwazi, lakini sababu iliyo nzito zaidi ilikuwa katika karakana ya uchapaji. Wapanga chapa, yaani mafundi waliopanga herufi za risasi kuwa kurasa, walikuwa katika mgomo tangu Novemba 1947, katika mgogoro uliohusu sheria ya kazi ambayo Bunge lilikuwa limeipitisha licha ya kura ya turufu ya Truman mwenyewe. Kwa hiyo taarifa zilipigwa kwa taipureta, kurasa zikapigwa picha na kuchongwa kwenye mabamba ya zinki, kazi iliyochukua saa nyingi zaidi, na toleo la kwanza likalazimika kufungwa wakati matokeo machache tu yamefika.

Pengo hilo la matokeo lilizibwa kwa utabiri. Mwandishi wa gazeti mjini Washington, Arthur Sears Henning, ambaye alikuwa amebashiri sawasawa chaguzi nne kati ya tano zilizotangulia, alishikilia kuwa Dewey atashinda, na hakuwa peke yake, kwani waandishi wote 50 wa siasa walioulizwa na jarida la Newsweek walisema hivyohivyo. Kura za maoni, yaani mahojiano ya watu wachache wanaochukuliwa kuwakilisha umma wote, zilitoa jibu lilelile, lakini shirika la Gallup liliacha kuhoji karibu wiki mbili kabla ya uchaguzi na Elmo Roper akaacha mapema Septemba, huku Truman akiendelea kuzunguka nchi kwa treni na kuwahutubia watu katika vituo vidogo vya reli.

Nakala zipatazo 150,000 zilichapwa kabla ya kichwa kubadilishwa, na mojawapo ndiyo aliyoinua Truman kwa kicheko katika kituo cha treni cha St. Louis tarehe 4 Novemba, katika picha iliyoenea duniani kote.

Kichwa cha tatu kinafundisha kwa njia nyingine. Tarehe 6 Desemba 1957, miezi miwili baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik, roketi ya Marekani iitwayo Vanguard iliinuka futi chache, ikaanguka na kulipuka, na magazeti ya London yakashindana kuikejeli kwa kuliiga jina la Sputnik: Daily Herald likaiita Flopnik na Daily Express likaiita Kaputnik. Kwa siku ile kejeli ilikuwa na haki. Lakini Sputnik iliungua angani Januari 1958, wakati setilaiti ya Vanguard 1, iliyorushwa tarehe 17 Machi 1958, ingali inaizunguka dunia, ikiwa ndicho chombo kikongwe kuliko vyote vilivyoko angani.

Waliochapa vichwa hivi walikuwa waandishi hodari, wenye vyanzo vilivyoaminika, na kilichowaangusha ni kutoa hukumu kabla mambo hayajakamilika, kosa ambalo wahenga walionya dhidi yake walipokataza kukata kanzu kabla mwana hajazaliwa. Msomaji wa leo, anayeletewa washindi wa uchaguzi kwenye simu yake hata kabla vituo havijafungwa, na aulize swali moja kabla ya kuamini au kusambaza: je, jambo hili limekwisha kutokea, au linatarajiwa tu?