Kuta za Bustani za Uingereza, na Majina ya Waliozitunza

Katika yubile hii twawakumbuka Askofu Tozer na Dr. Steere, waliofika Unguja mwaka wa 1864. Walitoka katika nchi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Na huko nyumba za wakubwa zilikuwa na bustani zilizozungukwa na kuta ndefu. Watu hudhani kuta hizo zilikuwa za kuzuia wezi tu.

Sivyo. Uingereza ni nchi ya baridi, wala mpichi hauzai vema mahali pa wazi. Basi walijenga ukuta wa matofali, kimo chake futi 10 au 12. Kwao jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Kwa hiyo uso wa ukuta ulioelekea kusini ulipata joto mchana kutwa, na usiku matofali yakautolea mti joto lile, kama mafiga ambayo moto wake umezimika. Matawi yalitandazwa ukutani, yakashikizwa kwa misumari na vipande vya nguo, na matundu ya misumari yaonekana hata leo. Kuta nyingine zilikuwa na njia za moshi ndani, zikapashwa moto. Tena huko Suffolk ziko zinazopindapinda kama nyoka. Kule kupinda ndiko kunakozisimamisha, ingawa unene wake ni wa tofali moja tu. Kodi ya vioo ilipoondolewa mwaka wa 1845, na ya matofali mwaka wa 1850, nyumba za vioo zikazidi kujengwa.

Penye pembe ya bustani palikuwa na kibanda cha kupungia upepo, chenye paa la madoido, ambamo bwana na wageni wake walikaa kutazama maua. Chapendeza. Lakini na tuzunguke nyuma ya ukuta, upande wa kaskazini usiopata jua. Huko ndiko yalikowekwa matanuri na ghala za vyombo, na mara nyingi vyumba vya vijana wa bustani wasiooa. Usiku wa baridi kali walikesha wakichochea moto, maana ukizimika, matunda yameharibika. Pichi likaliwa mezani, aliyekesha hakutajwa. (Nasi tusijisifu: jiwe la msingi la kanisa mara nyingi lina jina la askofu, lakini wachoma chokaa hawamo.)

Huko Heligan, katika Cornwall, ilikuwako bustani ya jamaa ya Tremayne. Mwezi wa Agosti 1914, vita ilipoanza, watunza bustani waliandika majina yao katika ukuta wa choo chao. Wengi wa waliokwenda vitani hawakurudi. Miiba na magugu yakazifunika kuta, vioo vikavunjika, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kupalilia. Mwaka wa 1990 watu waliingia kufyeka. Katika kile chumba kidogo walikuta maandiko hafifu juu ya lipu, tarehe ile, na majina chini yake.